Mparachichi na nondo wa FCM: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini

Wakulima wa maparachichi wa Rungwe, Busokelo, Njombe, Wanging'ombe, Mufindi na Kilolo wanamsikia mdudu huyu kwanza kwa mnunuzi, na mara nyingi wanamsikia siku mzigo umekataliwa. Majibu yafuatayo yanawaweka pamoja viumbe wawili wanaoishi shamba moja kwa kasi tofauti kabisa: mti unaochukua karibu mwaka kukomaza tunda, na nondo anayeweza kuzaliwa, kuzaa na kufa ndani ya wiki chache. Ukiielewa tofauti hiyo ya kasi, utajua kazi ipi ifanywe lini, na ipi ni kupoteza fedha.

FCM ni mdudu gani hasa?

Ni nondo mdogo wa usiku. FCM ni kifupi cha jina lake la Kiingereza, false codling moth, na jina lake la kitaalamu ni Thaumatotibia leucotreta. Vitabu vya zamani vinamwita Cryptophlebia leucotreta, ni yuleyule. Mwili wake una urefu wa milimita 6 hadi 8, sawa na punje ya mchele, na akikunjua mabawa anafika milimita 15 hadi 20. Rangi ni kijivu na kahawia iliyochanganyika, kwa hiyo mchana akitulia kwenye gamba la mti au jani kavu humwoni hata ukimtafuta. Mkulima anaweza kuwa naye shambani miaka mingi asimwone nondo mwenyewe hata mara moja.

Anayeharibu tunda ni kiwavi wake. Akitoka kwenye yai ana urefu wa milimita moja hivi, mweupe wa maziwa mwenye kichwa cheusi. Akikomaa anafika kama milimita 15, amekuwa wa rangi ya waridi au nyekundu inayoelekea chungwa, na kichwa cha kahawia. Rangi hiyo ya waridi ndiyo wakaguzi wa kituo cha kufungashia huiangalia kwanza.

Mparachichi ni mti wa Amerika. Nondo wa Afrika ameujuaje?

Hakuujua, ameukuta tu. Mparachichi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Aina ya Hass, ambayo ndiyo inayojaza mashamba ya biashara kwetu, ilianzia kwenye mche mmoja huko La Habra Heights, California; Rudolph Hass aliusajili kwa hataza mwaka 1935. Nondo naye ni wa Afrika kusini mwa Sahara, na alipewa jina la kisayansi na Edward Meyrick mwaka 1913. Wakati huo hapakuwa na mti hata mmoja wa Hass popote duniani.

Aliweza kuhamia kwenye parachichi kwa sababu hachagui. Anaishi kwenye mimea zaidi ya 70 ya jamii mbalimbali: mapera, machungwa, pilipili, mahindi, pamba, mbarika, makomamanga, mapichi, makadamia, hata vitumba vya maua ya waridi. Mdudu wa namna hii hategemei msimu wa zao moja. Mapera yakiisha anahamia kwenye pilipili, pilipili zikiisha kuna mahindi mabichi.

Kwa kweli parachichi bichi la Hass si chakula anachokipenda. Viwavi wengi wachanga wanaolitoboa hufia ndani ya ganda au sentimita moja hivi kwenye nyama, kabla ya kukomaa. Wakulima wengi wakisikia hivyo hupumua. Lakini tunda lililotobolewa linashuka daraja hata kiwavi akifa, na kiwavi mmoja aliye hai akionekana bandarini Ulaya anatosha kukwamisha mzigo wote.

Tunda linaning'inia muda gani, na nondo anapitisha vizazi vingapi katika muda huo?

Hili ndilo swali la msingi, na hesabu yake mkulima anaweza kuifanya mwenyewe.

Tunda la Hass katika nyanda za juu linachukua miezi 8 hadi 12 tangu ua kushika hadi kuvunwa, na kadiri shamba lilivyo juu ndivyo muda unavyorefuka. Mti hauwezi kuharakishwa: joto likipungua, mafuta ndani ya tunda hujijenga polepole.

Nondo naye huongozwa na joto. Chini ya nyuzi joto 12 hivi za Selsiasi ukuaji wake unasimama. Kila nyuzi juu ya hapo, kwa kila siku, inahesabika, na kutoka yai kutagwa mpaka nondo mpya kutoka kwenye pupa (kiwavi aliyejifunga kwenye kifuko ili ageuke nondo) anahitaji jumla ya takriban 400. Chukua wastani wa joto la mchana na usiku, toa 12, kisha gawanya 400 kwa jibu ulilopata:

Wastani wa nyuzi 25: siku 31 hivi.
Wastani wa nyuzi 20: siku 50.
Wastani wa nyuzi 18: siku 67.
Wastani wa nyuzi 16: siku 100.
Wastani wa nyuzi 14: siku 200.

Ongeza siku chache za jike kupandwa na kuanza kutaga. Sasa chukua shamba lenye wastani wa nyuzi 18 na matunda yanayokaa mtini siku 300. Kwa kizazi cha siku 70, unapata vizazi vinne juu ya tunda lilelile. Shamba hilohilo likiwa bondeni kwenye wastani wa nyuzi 20, ni vizazi vitano na ushei.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai mamia kadhaa, mpaka 800 kukiwa na joto zuri, ingawa kwenye baridi hutaga machache sana. Tuchukulie wengi wanakufa na kila jike anaacha watoto kumi tu wanaofika utu uzima, watano kati yao majike. Baada ya vizazi vinne jike mmoja amekuwa majike 625. Ndiyo maana mkulima huona shamba safi miezi ya mwanzo, halafu karibu na mavuno matunda yanaanza kuonekana na matobo kana kwamba mdudu ameingia jana. Alikuwepo tangu matunda yakiwa madogo.

Maua yangu mengi yanadondoka. Ni nondo huyu?

Hapana. Nondo wa FCM anashughulika na tunda. Mparachichi mkubwa hutoa maua mengi mno, yanaweza kufika milioni moja kwa mti, na yanayokuwa matunda ya kuvuna hayafiki hata 1 kati ya 100. Mti wenye maua mengi na matunda mia mbili au mia tatu hauna ugonjwa wowote.

Kama matunda ni machache kuliko hapo, angalia uchavushaji. Ua la parachichi lina sehemu ya kike na ya kiume, lakini hufunguka mara mbili kwa nyakati tofauti. Hass ni kundi A: siku ya kwanza ua hufunguka asubuhi likiwa jike, hujifunga kama saa sita mchana, kisha hufunguka tena alasiri ya siku ya pili likiwa dume. Fuerte, Ettinger, Zutano na Bacon ni kundi B: hufunguka jike alasiri ya siku ya kwanza, na dume asubuhi ya siku ya pili. Asubuhi Hass inapohitaji chavua, Fuerte ndiyo inayo. Panda mti mmoja wa kundi B kwa kila miti minane ya Hass, yaani kila mti wa tatu katika kila mstari wa tatu, na weka mizinga ya nyuki 2 au 3 kwa ekari wakati wa maua. Baridi ya asubuhi huvuruga ratiba hii na nyuki nao hawatoki, kwa hiyo msimu wa maua ukikutana na ukungu wa siku nyingi, mavuno yatapungua hata shamba likitunzwa vizuri.

Na nondo mwenyewe hasaidii kuchavusha?

Si wa kutegemewa. Anaruka usiku, na nondo mzima hula kidogo sana. Kazi hiyo ni ya nyuki na aina fulani za nzi.

Nitajuaje tobo ni la FCM na si la inzi wa matunda?

Anza kwa nje. Jeraha lolote kwenye ganda la parachichi hutoa utomvu unaokauka na kuwa unga mweupe wa sukari, kwa hiyo doa jeupe peke yake linakuambia tu kwamba ganda limejeruhiwa. Lifute kwa kidole utazame chini yake. Alama ya FCM ni kijivimbe kilichoinuka kama kreta, chenye tobo dogo sana katikati, na mara nyingi kuna chembechembe za kinyesi cha kahawia mdomoni mwa tobo. Inzi wa matunda huchoma kwa mkia wa kutagia. Ganda linapokua, sehemu hiyo hupasuka na kuacha ufa wenye umbo la nyota. Mvua ya mawe nayo huacha makovu, lakini yatakuwa upande mmoja wa matunda na upande mmoja wa miti.

Kisha kata tunda. Usilipasue katikati tu. Kata vipande vyembamba kuanzia kwenye tobo ukifuata njia. Funza wa inzi ni mweupe, hana miguu wala kichwa kinachoonekana, mbele kachongoka, na ukimweka mezani anaweza kujikunja na kuruka. Kiwavi wa FCM ana kichwa cha kahawia, ana miguu, anatambaa, na akiwa mkubwa ni wa waridi. Kwa kawaida utamkuta mmoja kwa tunda, ilhali funza wa inzi huwa wengi pamoja.

Makadamia zikiwa jirani, tahadhari: kuna nondo wengine wa ukoo huohuo ambao viwavi wao wanafanana sana na FCM. Kutofautisha kunataka hadubini na mtu aliyezoea. Tumbukiza viwavi kwenye chupa ndogo ya spiriti, andika tarehe, kijiji na zao ulilowatoa, upeleke kwa ofisa wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole pale Mbeya.

Baridi ya Njombe na Makete haimuui?

Inamchelewesha. Nondo huyu hana usingizi wa msimu kama wadudu wa nchi zenye theluji. Juni na Julai anaendelea kuishi, ila kila hatua inarefuka: yai linaloanguliwa kwa siku 5 au 6 kwenye joto linaweza kukaa wiki mbili au tatu, na pupa anakaa udongoni muda mrefu. Faida ipo, kwani vizazi ni vichache. Hatari nayo ipo: pupa waliokawia udongoni wakati wa baridi wanatoka kwa mkupuo joto linapopanda kuanzia Septemba. Kazi ya usafi inayolegezwa Julai kwa sababu "wadudu hawapo" inalipiwa Oktoba.

Machungwa yanatibiwa kwa baridi kali. Kwa nini si maparachichi?

Kwa sababu hapa mti na nondo wanapishana vibaya. Machungwa yanaweza kukaa kwenye nyuzi joto chini kidogo ya sifuri kwa wiki tatu hivi; Marekani, kwa mfano, ina utaratibu wa nyuzi hasi 0.55 kwa siku 22. Baridi hiyo inaua mayai na viwavi. Hass haiivumilii. Chini ya nyuzi 4 au 5 kwa muda mrefu, nyama ya parachichi hugeuka kijivu, nyuzinyuzi zinakuwa nyeusi na ganda linapata madoa. Linasafirishwa kwenye nyuzi 5 hadi 7, baridi inayotosha kulizuia lisiive lakini haitoshi kuwa tiba ya mdudu. Machungwa yakikosewa shambani bado chumba cha baridi kinaweza kuyaokoa. Parachichi halina nafasi hiyo ya pili, ni lazima litoke shambani likiwa safi.

Matunda yaliyoanguka nifanye nayo nini?

Hii ndiyo kazi moja ambayo tungechagua kama mkulima angeruhusiwa kufanya moja tu. Kiwavi aliyekomaa hutoka kwenye tunda, hushuka kwa uzi wa hariri au hutambaa, na kuingia juujuu ya udongo au chini ya majani makavu, ambako hujitengenezea kifuko cha hariri na punje za udongo. Kabla ya hapo yumo ndani ya tunda. Ukiliondoa tunda, umemwondoa yeye na vizazi vyote vilivyokuwa vimfuate.

Kwenye wastani wa nyuzi 18 kiwavi anakaa ndani ya tunda takriban siku 24. Kwenye nyuzi 23, wiki mbili. Tunda linapoanguka huenda ameshamaliza nusu ya muda huo, kwa hiyo kukusanya mara moja kwa mwezi ni sawa na kutokusanya. Pita shamba zima mara moja kwa wiki, na kuanzia Oktoba hadi Machi mara mbili kwa wiki.

Namna ya kufanya: pita mstari kwa mstari na ndoo au mfuko wa salfeti usiotoboka. Okota yaliyo chini, kisha inua macho uchume yaliyo mtini yenye tobo, yaliyooza, yaliyokauka kwenye tawi na masalia ya msimu uliopita. Hayo masalia, yale makubwa machache yaliyoachwa juu kwa sababu ngazi haikufika, ndiyo daraja linalomvusha nondo kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Kuyaangamiza kuna njia mbili za uhakika. Ya kwanza ni shimo: yafukie ili juu yake pabaki udongo usiopungua sentimita 60, na uushindilie. Wengi huchimba shimo la sentimita 60, wakalijaza matunda mpaka juu na kutupia udongo wa kiganja. Nondo wanatoka bila shida. Chimba mita moja na nusu, jaza hadi ibaki sentimita 60, ndipo ufukie. Njia ya pili ni mfuko mzito wa plastiki nyeusi, umefungwa barabara, ukawekwa juani juu ya ardhi tupu. Kwenye jua kali wiki moja inatosha. Kipindi cha ukungu na baridi acha wiki mbili au zaidi, na kama mfuko umetoboka hamishia matunda kwenye mwingine. Njombe na Mufindi mwezi Julai, tumia shimo tu.

Rundo la mboji halifai. Katikati linapata moto, lakini pembeni ni baridi na ni mahali pazuri pa kiwavi kujifukia.

Naweza kuwapa mifugo?

Usiwape mbuzi, kondoo, ng'ombe, sungura wala kuku. Mparachichi una sumu iitwayo pesini, zaidi kwenye majani, gome na ganda la tunda, inayodhuru moyo wa wanyama na kukausha maziwa kwa wanaonyonyesha. Ndege ndio wanaodhurika haraka. Kwa sababu hiyohiyo majani ya kupogolea yasitupwe zizini.

Mitego ya harufu inapunguza nondo?

Inapunguza kidogo sana, kwa sababu inanasa madume tu. Kidonge cha mtego kina harufu ya feromoni, inayoiga ile ya jike anayeita dume. Dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike kadhaa, kwa hiyo mayai yanaendelea kutagwa. Kazi ya mtego ni kukuambia nondo wameanza lini na wanaongezeka au wanapungua.

Tundika mtego wa pembetatu wenye karatasi ya gundi kwenye urefu wa mita 1.5 hadi 2, ndani ya kivuli cha mti, upande unakotoka upepo, mistari michache kutoka mpakani. Shamba la ekari moja hadi tano linatosheka na mtego mmoja, labda miwili kama ardhi ina mabonde. Shika kidonge kwa glavu au kibanio, kwani harufu inayobaki vidoleni huchanganya mitego mingine. Vidonge vya akiba viwe kwenye jokofu vikiwa vimefungwa, na kila kimoja kibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kidonge kilichoisha nguvu hakinasi kitu, na mkulima anashangilia sifuri ya uongo.

Soma kila wiki siku ileile, toa nondo walionaswa, andika namba. Vumbi la barabara likijaa gundi, badilisha karatasi hata kama haijajaa wadudu. Namba zikipanda wiki mbili mfululizo, ongeza ukaguzi wa matunda: chagua miti 20 kwa njia ya zigizaga, angalia matunda 10 kwa kila mti, pande zote na urefu wote. Hayo ni matunda 200. Ukipata manne yenye kreta ni asilimia 2.

Dawa gani inamaliza FCM?

Hakuna inayommaliza peke yake, na sababu iko kwenye maisha yake. Yai linatagwa usiku juu ya ganda. Kiwavi akianguliwa anatembea muda mfupi tu kabla ya kutoboa, na akishaingia dawa ya juu haimfikii. Pupa yuko udongoni. Muda pekee wa kumpata ni yale masaa kati ya kuanguliwa na kuingia, na kwa kuwa vizazi vinaingiliana, si viwavi wote wanaopita hapo siku moja.

Ukiamua kupuliza, pulizia mtego unapoonyesha nondo wanapanda, si baada ya kuona matobo. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA kwa zao la parachichi na mdudu huyu, chenye namba ya usajili kwenye lebo, na uulize kituo unachouzia kama soko lake linakikubali. Siku za kungoja kabla ya kuvuna zifuatwe. Mzigo unaweza kukataliwa kwa mabaki ya dawa kama unavyokataliwa kwa kiwavi. Usipulize miti ikiwa kwenye maua.

Viuatilifu vya kibayolojia, kama bakteria wa Bacillus thuringiensis, kuvu wa Beauveria na kirusi maalumu cha FCM kinachotumika kwenye machungwa Afrika Kusini, huharibiwa na jua. Pulizia jioni kuanzia saa kumi na moja. Dawa kali za jumla zina tatizo jingine: zinaua kinyigu mdogo sana, Trichogrammatoidea, anayetaga ndani ya mayai ya nondo huyu. Ukimwua kinyigu, mwezi unaofuata nondo wanaongezeka na wadudu gamba wanafuatia.

Kosa la kawaida zaidi ni kipimo. Jaza bomba maji matupu, pulizia miti 5 mpaka majani na matunda yote yalowe bila kuchuruzika, kisha pima maji yaliyotumika. Kama ni lita 12.5, mti mmoja unataka lita 2.5. Ekari iliyopandwa mita 6 kwa 6 ina miti 112 hivi, kwa hiyo ni lita 280, yaani mabomba 14 ya lita 20. Anayetumia mabomba matano kwa ekari hiyo amelowesha matawi ya chini tu, na matunda ya juu hayajaguswa.

Naweza kupanda mahindi au pilipili hoho katikati ya miti?

Pilipili hapana, kubwa wala ndogo. Ni nyumba ya FCM mwaka mzima. Mahindi yanamlea pia, na kila mtu anayo, kwa hiyo ukiyapanda vuna mapema, usiache magunzi na mabua yenye viwavi shambani. Mipera, michungwa na mipichi ya mpakani iokotwe matunda yake kama miparachichi. Mbarika zinazojiotea kingoni zing'olewe.

Viazi mviringo na nyanya viepukwe kwa sababu nyingine: vinabeba kuvu wa Verticillium anayenyausha mparachichi. Maharage yanafaa miaka mitatu ya mwanzo, mradi jembe lisikaribie kivuli cha mti. Mizizi ya kulisha mparachichi iko kwenye sentimita 30 za juu, na ikikatwa inaukaribisha uozo wa Phytophthora, ambao unaua miti mingi kuliko nondo yeyote.

Kuchelewa kuvuna kunaongeza hatari?

Ndiyo. Parachichi haliivi likiwa mtini; linakomaa na kusubiri, na kila wiki ya kusubiri ni wiki nyingine ya kutagiwa. Vuna mara kiwango cha ukavu kinapofika kile anachotaka mnunuzi, kwa Hass mara nyingi asilimia 23 au 24. Kukipima: kwangua gramu 10 za nyama bila ganda wala ngozi ya kokwa, kausha kwenye oveni mpaka uzito usibadilike, pima tena. Zikibaki gramu 2.4, ni asilimia 24.

Kata kikonyo kwa mkasi, acha milimita chache. Tunda lililong'olewa linaacha shimo linaloingiza uozo. Lililoanguka lisiingie kretini hata kama linaonekana zima. Kreti zikae kivulini zikiwa zimefunikwa kwa wavu mwembamba, zisilale shambani, na zisafishwe kabla ya kurudi kwa mkulima mwingine, kwani kiwavi anaweza kujifunga kifuko kwenye mwanya wa kreti. Nondo mwenyewe si mrukaji wa mbali. Kusafirisha matunda na kreti ndiko kunakomhamisha wilaya hadi wilaya.

Kwa nini Ulaya wana ukali hivi?

Umoja wa Ulaya unamhesabu kuwa mdudu wa karantini chini ya kanuni yake namba 2019/2072, kwa kuwa hajaenea huko na nchi za kusini zina machungwa, mapichi na makomamanga ambayo angeyapenda. Israel walimpata kwenye makadamia mwaka 1984 na wanaishi naye mpaka leo.

Kiwavi mmoja amepatikana kwenye mzigo wangu kituoni. Sasa?

Usihamishie matunda kwenye kreti nyingine. Tenga kreti zote za siku hiyo, na kituo kitoe namba ya shamba na ya mti au kitalu (kipande cha shamba) kilikovunwa. Chukua sampuli ya matunda 200 kutoka kwenye kreti hizo na kuyakata, kuanzia yenye kreta. Kiwavi ahifadhiwe kwenye spiriti atambuliwe. Akiwa funza wa inzi, hatua zinabadilika kuwa chambo na mitego ya inzi. Akithibitishwa FCM, mzigo huo uelekezwe kwenye soko la ndani au kukamuliwa mafuta, na mabaki yafukiwe.

Shambani, simamisha mavuno ya kitalu hicho. Okota na kuchuma matunda yote yenye alama ndani ya siku mbili, fukia, rudia kila baada ya siku tatu kwa wiki tatu. Angalia mti wa jirani usio wako: mara nyingi chanzo ni mpera au mchungwa ulio nyuma ya nyumba ya mtu, na mazungumzo ya kirafiki na kuwasaidia kuokota matunda yatafanya zaidi kuliko lita mia za dawa. Kagua tena matunda 200, na mavuno yaanze upya pale ukaguzi mara mbili mfululizo, kwa tofauti ya wiki moja, utakapotoka bila tobo jipya.